Mama, Rangi Isubiri

*Mwanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, nina miaka 67, naishi Kigamboni na binti yangu pamoja na wajukuu watatu. Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu kidogo kidogo kwa miaka tisa, kila mwisho wa mwezi mifuko mitatu ya saruji, kila Desemba mabati machache. Tulihamia mwaka 2009. Alikuwa mtu wa kusimamia kazi. Siku ya kuanza kupandisha tofali aliomba ruhusa kazini, akakaa pale pale kwenye msingi mpaka mafundi walipolaza ile nailoni nyeusi mbele ya macho yake. Miaka yote hiyo hatukuona tatizo.*

*Mwaka 2022 nilitumia sehemu ya kiinua mgongo changu kuweka pevingi uwanja mzima mpaka ukutani, maana kufagia mchanga kulikuwa kumenichosha. Ikapendeza. Masika iliyofuata chumba changu kikaanza kutoa madoa chini ya dirisha. Rangi inavimba kama malengelenge, ukigusa inapukutika na unga mweupe. Fundi alikuja akakwangua, akapaka saruji nyeupe, juu yake rangi ya mafuta. Baada ya miezi minne madoa yakarudi. Mwaka jana akanishauri tubandike marumaru ukutani hadi kiunoni, tukabandika. Sasa madoa yametokea juu ya marumaru. Tena kuna ufa kwenye chumba kinachopakana na bafu, unaanzia kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari.*

*Jirani ananiambia nyumba inayotoa jasho ina mambo, niite watu waiombee. Mwanangu wa kiume aliyeko Mwanza anasema tuuze. Fundi anataka milioni mbili na laki nne avunje lipu yote ya ndani, apige upya na kupaka rangi. Hizo ndizo fedha nilizobaki nazo. Nimpe? Nyumba itatuangukia?*

*Halafu kuna jambo dogo. Bomba la bafuni linatekenya vidole ukilishika na mkono wenye maji, hasa shawa ya umeme ikiwa imewashwa. Watoto wanacheka. Nilitaka tu kujua kama na hilo linatokana na unyevu.*

*Mama wa Kigamboni*

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakuomba radhi kwamba nitaijibu kutokea mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu hilo uliloliita jambo dogo ndilo pekee katika barua nzima linaloweza kuua mtu usiku wa leo.

Bomba linalotekenya vidole lina umeme. Kile ambacho wajukuu wanakichekea ni shoti ndogo, na imekuwa ndogo kwa bahati tu: labda mtoto alikuwa amesimama kwenye kandambili, labda mkono haukuwa umelowa sana. Siku atakayosimama peku kwenye sakafu yenye maji, mwili mzima umelowa, na hitilafu ikawa imeongezeka kidogo, hatacheka. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, na ngozi iliyolowa ina kinga ndogo mno mbele yake. Kwa hiyo, mama, weka gazeti chini sasa hivi. Nenda kazime swichi ya shawa, kisha kwenye boksi la umeme zima breka yake pia, na ubandike karatasi juu yake yenye maandishi makubwa: ISIWASHWE. Watoto waogee ndoo, maji ya moto yachemshwe jikoni. Bomba lile asiliguse mtu mpaka fundi umeme aje.

Ninaposema fundi umeme simaanishi kijana wa mtaani mwenye testa mfukoni. Tafuta mwenye leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe leseni yenyewe, na usione haya kuomba. Mweleze mambo mawili. La kwanza, kama maji yenu ni ya kisima, ajue. Wewe hukusema, lakini nyumba nyingi za upande huo zinatumia kisima, na kisima cha karibu na bahari mara nyingi kina chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, na shawa nyingi za bei nafuu zina waya wa kuchemshia ulio wazi ndani ya maji yenyewe. Hapo umeme unateremka na maji hadi kichwani kwa anayeoga. La pili, mwombe aipime arthi kwa mashine ya kupimia, asiridhike kuona tu kwamba kuna waya wa kijani na njano unaoingia ardhini. Mchanga wa Kigamboni ukikauka haupokei umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya arthi iliyochomekwa juujuu huwa kama haipo. Na kama pampu ya kisima ni ya umeme, aikague na hiyo, kwani mota iliyoharibika hupeleka umeme kwenye mabomba ya nyumba nzima.

Kabla hajaondoka, mwambie afunge kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kipimo cha miliampia 30. Kinahisi umeme unaotoka njia yake na kuukata chini ya nusu sekunde, kabla moyo haujapata madhara. Kina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi, umeme ukikatika ujue kinafanya kazi. Katika nyumba ninazozikagua, ikiwa mwenye nyumba ana fedha ya kitu kimoja tu, humwambia anunue hicho. Rangi ya ukuta haijawahi kumwokoa mtoto bafuni.

Umeuliza kama bomba hilo nalo ni la unyevu. Huenda yanahusiana. Ukuta uliolowa hulowesha soketi na mabomba ya waya yaliyozikwa ndani yake. Fundi umeme akiwapo, afungue soketi zote za chumba chako zilizo chini ya kiuno aangalie kama zina kutu.

Sasa tuje ukutani.

Mama, wewe umekuwa muuguzi. Hukuwahi kufunga bandeji juu ya kidonda chenye usaha ukamwambia mgonjwa aende nyumbani. Lakini ndivyo ukuta wako ulivyotibiwa mara mbili, na hiyo milioni mbili na laki nne ni bandeji ya tatu. Simsemi fundi wako vibaya. Ulimwita kwa ajili ya rangi, akakupa rangi. Ila hakuna aliyeuliza swali ambalo ndilo la kwanza katika kazi yangu: haya maji yanatoka wapi?

Jibu umeliandika mwenyewe katika barua yako.

Umesema marehemu alikaa kwenye msingi mpaka nailoni ikalazwa. Mungu amrehemu, alijua alichokuwa anakifanya. Tofali la saruji lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, bila pampu wala shinikizo. Ile nailoni kati ya msingi na ukuta ndiyo inayokata utambi. Chini yake msingi ulowe utakavyo, juu yake ukuta unabaki mkavu. Nyumba yenu imekaa tangu 2009 hadi 2022, masika kumi na tatu, bila doa hata moja. Hiyo peke yake inatosha kuthibitisha kwamba kazi yake ilikuwa nzuri.

Kisha zikaja pevingi. Ili kuzilaza, mafundi walimwaga kifusi, wakamwaga mchanga juu yake, wakashindilia, wakapanga matofali yao mpaka ukutani. Nina hakika, bila ya kufika hapo, kwamba uwanja wako umepanda. Simama nje chini ya dirisha la chumba chako, angalia pevingi zimefika usawa gani, kisha ingia ndani uangalie sakafu. Nikisema vinakaribiana, au nje ni juu kuliko ndani, sidhani kama nitakuwa nimekosea. Uwanja unatakiwa uwe chini ya ile nailoni kwa sentimita 15, inchi 6, angalau. Ukipanda ukaipita, maji hayana haja tena ya kupanda kupitia msingi. Yanaingia ubavuni, juu ya kizuizi, moja kwa moja kwenye tofali. Nailoni ya marehemu haijachanika wala kuoza, mama. Imefukiwa.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja, nami nalisoma katika ukimya huo: hukusema habari ya gata. Kama paa halina gata, fanya hesabu hii pamoja nami. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120, ambalo si kubwa, likipata mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja wa masika, linamwaga lita 6,000. Zamani maji hayo yalianguka kwenye mchanga na kuzama. Sasa yanaanguka kwenye pevingi, yanaruka, yanapiga ukuta, na kama uwanja umeinamia nyumbani, yanakaa pale pale kwenye kona kati ya pevingi na ukuta, yakitafuta pa kuingia.

Ule unga mweupe ni chumvi. Imetoka kwenye mchanga, kwenye maji yaliyochanganyia zege, kwenye ardhi yenyewe. Maji yanaibeba, yanafika kwenye uso wa ukuta, yanakauka na kuiacha pale. Chumvi ikikauka hujenga chembe, chembe huvimba, na nguvu ya kuvimba kwake ndiyo inayosukuma rangi ikafanya malengelenge na kuipukuchua lipu. Basi tazama rangi ya mafuta ilifanya nini: iliziba uso wa ukuta, maji yakakosa pa kutokea, yakajikusanya nyuma yake mpaka yakaibandua. Marumaru zikaziba zaidi. Maji ambayo yangetokea kwenye magoti yakalazimika kupanda, yakaja kupumulia kiunoni. Ndiyo maana madoa yako yako juu ya marumaru, yamepangika kama mstari. Ukibandika marumaru hadi mabegani, mwakani utaniandikia kwamba yametokea shingoni.

Sitaki uniamini kwa maneno matupu, kwa hiyo fanya jaribio hili. Chukua kipande cha nailoni nyepesi isiyo na rangi, ukubwa wa ukurasa wa gazeti. Kibandike kwenye sehemu yenye doa, juu ya marumaru, kwa gundi ya karatasi pande zote nne, pasipite hewa. Kiache siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani, upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone kwa nje, upande wa chumbani, basi ni mvuke wa chumba chenyewe na dawa yake ni kufungua madirisha. Natarajia ya ndani. Ila usiruke hatua hii, maana nimeshawahi kuwa na hakika nikakosea, na kipande cha nailoni kikanirudisha kwenye mstari.

Jirani mweleze kwa upole. Dua ni njema, na nyumba yenye watoto inastahili kuombewa. Lakini jasho hili lina njia yake, na njia hiyo inachimbika kwa chepe.

Ndiyo kazi yenyewe, nayo ni nafuu kuliko unavyodhani. Ng'oa pevingi kwa upana wa nusu mita kufuata kuta zote za nje, kuanzia chumba chako. Zisitupwe, zipange pembeni, zitakufaa kwingine. Chimbeni polepole kando ya ukuta mpaka muione ile nailoni nyeusi imechomoza kati ya msingi na tofali la kwanza. Naomba uwe umesimama pale wanapoifikia, kama alivyosimama yeye. Mkiiona, endeleeni kushuka sentimita 15 nyingine chini yake, mwageni tabaka la kokoto safi zisizo na mchanga, lisiifikie nailoni, na muache hivyo. Msiweke zege juu ya kokoto hizo, hata fundi akisema litapendeza. Pevingi zilizobaki, zile za karibu, zipangwe upya ziinamie nje, kwa kiasi ambacho ukimwaga ndoo ya maji unayaona yanakimbia kuelekea getini. Kisha gata, na bomba lake la kuteremshia maji lisiishie ukutani, lipeleke kwenye tanki au mbali na msingi. Maji ya mvua hayana chumvi, mama. Ukiyavuna utafulia na kupikia.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndipo watu wengi wanashindwa. Wajenzi wana kanuni ya zamani kwamba ukuta uliolowa hukauka kwa inchi moja kwa mwezi. Ukuta wako, ukiwa wa tofali la inchi 6, unahitaji kama miezi sita tangu siku maji yalipozuiwa. Katika miezi hiyo bandua zile marumaru ili ukuta upumue. Chumba kitakuwa kibaya. Chumvi itaendelea kutoka. Ifagie kwa brashi kavu, uizoe na kuitupa, usiioshe kwa maji maana utairudisha ndani. Wageni wapokee sebuleni. Ukuta ukikauka ndipo lipu iliyooza iondolewe, mpaka sentimita 30 juu ya mahali doa lilipoishia, na mpya ipigwe kwa mchanga wa mtoni uliooshwa, kamwe usiwe wa ufukweni. Iachwe siku 28. Halafu rangi ya maji, inayopitisha hewa. Ya mafuta isikanyage tena chumbani kwako.

Wazee wa pwani hawakuhitaji kuambiwa haya. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zimejengwa kwa chokaa na matumbawe, na zimesimama kando ya bahari kwa vizazi kwa sababu chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Nyingi zilianza kuharibika pale mtu alipokuja na saruji akazipiga lipu ngumu, unyevu ukafungiwa ndani. Ukuta wa pwani ni kitu kinachopumua, na ukiuziba unaoza.

Ufa ni habari nyingine, na huu ndio unaonifanya niwe mwangalifu. Usiuchanganye na unyevu wa chumba chako, huenda una chanzo chake peke yake. Kona ya dirisha ni mahali ukuta ulipo dhaifu, kwa hiyo nyufa nyingi huanzia hapo, na nyingi ni za kawaida. Maswali ni mawili: una upana gani, na je, unaendelea?

Chukua kadi yako ya benki. Unene wake haufiki milimita moja. Isipoingia kwenye ufa, lala usingizi. Ikiingia lakini penseli haiingii, tufuatilie. Penseli ikiingia, ambayo ni kama milimita saba, usimwite fundi wa lipu, mwite mhandisi. Mwongozo unaotumiwa na wahandisi Uingereza unahesabu ufa wa hadi milimita 5 kuwa kasoro ndogo ya kurekebishika, na wa 5 hadi 15 kuwa umeshaingia kwenye daraja linalohitaji kazi ya kweli. Angalia pia kama unaonekana upande wa nje, na kama mlango wa chumba hicho umeanza kugoma kufunga. Halafu chora kwa penseli mistari miwili mifupi, mmoja kila upande wa ufa, pima kati yake kwa rula, na andika tarehe hapo hapo ukutani. Pima tena kila tarehe hiyo ya mwezi kwa miezi mitatu. Ufa uliokufa hauongezeki. Ulio hai utakuandikia ushahidi wake wenyewe.

Kinachonitia shaka ni kwamba chumba hicho kinapakana na bafu. Nilipata kukagua nyumba moja ambayo kona yake ilizibwa ufa mara tatu kwa saruji nyeupe, na mara tatu ufa ukarudi. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupata bei ya kuvunja upande mzima. Nilizunguka nyuma nikakuta bomba la kutolea maji ya ziada la tanki linadondosha kwenye kona ile ile, na chini yake mchanga umefanya shimo la ukubwa wa bakuli, lenye majani mabichi pembeni wakati uwanja wote ulikuwa umekauka. Niliweka chupa ya lita moja chini ya bomba. Ilijaa kwa dakika nne. Hiyo ni lita 360 kwa siku, zikiingia chini ya msingi, zikiuhamisha mchanga punje kwa punje. Dawa yake ilikuwa boya jipya la tanki. Boya lenyewe kwanza, kisha miezi mitatu ya kuangalia, ndipo ufa ukazibwa, na haukurudi.

Kwa hiyo usiku mmoja, watu wote wakishalala, jaza tanki, zima pampu, funga mabomba yote, na uweke alama ya chaki kwa nje mahali maji yalipofikia. Kama tanki halionyeshi maji kwa nje, chovya mti mrefu mkavu ndani na uutie alama. Asubuhi kabla hajaamka mtu, pima tena. Maji yakiwa yameshuka, kuna mahali yanakwenda. Anza na choo: tia rangi kidogo ya chakula kwenye tanki lake la juu, usivute maji, ngoja nusu saa. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, choo kinavuja. Kama si choo, mwite fundi bomba afuatilie bomba linalopita chini ya sakafu ya bafu. Na uangalie shimo la maji taka liko umbali gani kutoka kona hiyo. Likiwa karibu na limejaa, linalowesha mchanga unaobeba nyumba yako.

Umeniuliza kama nyumba itawaangukia. Kwa ulichoandika, sioni dalili hiyo. Unyevu wa chumba chako unaharibu lipu, rangi na pengine vifua vya watoto, maana fangasi si rafiki wa mtoto mwenye pumu, kwa hiyo wasilale humo kwa sasa. Lakini nyumba haianguki kwa rangi kubanduka. Kitakachonibadilisha mawazo ni penseli kuingia kwenye ufa, au vipimo vyako kuongezeka mwezi hadi mwezi, au kuona zege la nguzo ama la lenta limepasuka na nondo zenye kutu zinachungulia. Nondo ikishika kutu hunenepa na kulipasua zege kutoka ndani, na huo si ugonjwa wa kusubiri. Likitokea lolote kati ya hayo, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au anzia kwa mhandisi wa Manispaa ya Kigamboni. Mlipe kwa kukagua tu. Anayekagua asiwe ndiye atakayepewa kazi ya kurekebisha, maana jicho linalotafuta kazi huiona kazi kila mahali.

Kwa kijana wako aliyeko Mwanza, mwambie hivi. Mkiuza nyumba yenye madoa mtauza kwa bei ya madoa, na kiwanja kingine mtakachonunua nacho kitakuwa na mvua. Nyumba yenu ina msingi uliosimamiwa na mtu aliyeupenda. Kinachohitajika ni kuiondolea kifusi ukutani. Yeye kama mtoto anaweza kuchangia gata.

Na fundi wako usimfukuze. Mwite, mpe chai, msomee barua hii. Akikubali kuchimba kando ya ukuta badala ya kuvunja lipu, mpe kazi hiyo, mwandikiane, mlipe kwa hatua: kipande kimoja kikiisha na ukakiona kwa macho yako, ndipo fedha yake. Asipate malipo ya kipande cha tatu wakati hajamaliza cha kwanza. Na akikuambia habari ya dawa ya kupaka inayozuia unyevu kwa ndani, mwambie asante, itunze. Fedha zako zigawe hivi: umeme kwanza, kuchimba pili, gata tatu, na zitakazobaki zikae benki mpaka ukuta ukauke. Kazi ya nje iishe kabla masika haijaingia mwezi Machi. Ikianza mkiwa mmechimba nusu, mtakuwa mmeyafungulia maji mlango.

Niandikie tena, mama, na uniletee mambo matatu: fundi umeme alikuta nini bafuni, alama ya tanki ilishuka au haikushuka, na kadi ya benki iliingia kwenye ufa au haikuingia. La bafuni usilingojee barua. Nipigie simu hapa gazetini siku hiyo hiyo atakapomaliza.

Na wewe msomaji mwingine uliyefika hapa, ambaye bomba la nyumbani kwako linatekenya vidole na mmelizoea: nenda kazime.